Njuga ya Kidole Gumba

Hapo zamani, na si zamani ya mbali maana mikarafuu yenyewe bado inazaa, palikuwa na mchumaji aitwaye Shaame. Kwa kupanda miti alikuwa hodari, kwa kujisifu alikuwa hodari zaidi. Mkewe alikuwa na mimba changa, mimba yao ya kwanza. Siku moja, katikati ya mavuno, Shaame akakanyaga tawi lililooza, akaja chini kwa mgongo, pu!

Hakuzimia. Aliyaona majani, aliiona mbingu, aliwasikia wanawake waliokuwa wakiokota karafuu chini ya mti wakipiga mayowe. Akataka kukunja miguu asimame awacheke. Miguu haikuja. Akaitafuta kwa fikira, hakuipata, kama mtu anayepiga hodi nyumba ambayo wenyewe wamehama. Hapo ndipo alipoogopa.

Sasa, watu wa kijiji kile walikuwa na desturi yao. Aliyeanguka mkarafuuni haachwi chini. Akilala sana, walisema, ardhi humzoea, ikishamzoea humtaka. Basi huinuliwa papo hapo, huyu makwapani, yule miguuni, akasimamishwa apende asipende. Faki, ndugu yake Shaame, akateremka mti wa pili akaja mbio, mikono mbele.

"Usimguse!"

Aliyesema ni Mashavu, jirani yao. Alikwisha piga magoti, kichwa cha Shaame amekibana katikati ya magoti yake kisiende huku wala huku.

"Kaka yangu mlimwinua hivi hivi," akasema. "Alipoanguka alikuwa akichezesha vidole vya miguu, mimi nilimwona. Mlipomsimamisha havikucheza tena mpaka tunamzika."

"Ondoka, mwanamke, ardhi itamchukua!" Faki akanyoosha mkono. Mashavu akaung'ata. Akaung'ata hasa, na ile alama Faki alizeeka nayo. Mwishowe wakang'oa mlango wa kibanda, wakamtelezesha Shaame juu yake taratibu, shingo haikupinda, mgongo haukupinda, wakampeleka kwake.

Siku zikapita, miguu kimya. Shaame akawa analia akiwa peke yake, na watu wakiingia anafanya mzaha. Siku moja mzaha ukamwishia, akasema mbele ya wote: "Atakayenisimamisha kwa miguu yangu hii, mwanangu atachukua jina lake. Atakuwa somo yake." Mama yake Shaame akanuna, maana jina la kwanza huwa la ukoo, halitolewi nje kama bakuli la mchuzi. Lakini neno lilikwisha toka.

Wakaja wakandaji na mafuta yao, kila mmoja anataka kuuvuta mgongo. Akaja pia Bi Mwanakombo, mtabibu wa mifupa kutoka ng'ambo ya mto.

"Atakayeuvuta mgongo huu, atanivuta mimi kwanza," akasema. Wakandaji wakafunga vichupa vyao.

Akamkunja Shaame goti, akaligonga chini kidogo ya kifuu chake kwa ubavu wa kiganja. Mguu ukaruka! Nyumba ikajaa vigelegele.

"Bibi," akasema Shaame, "si mimi niliyeurusha."

"Najua si wewe, mwanangu. Pingili za mgongo wako zimepangana kama shanga, na katikati yake umepita ugwe. Ni mlaini, unene wake kama kidole chako cha mwisho. Habari za miguu hupanda kwa ugwe huo mpaka kichwani. Amri za kichwa hushuka kwa ugwe huo huo mpaka miguuni. Lakini ugwe nao una amri zake ndogo. Ukikanyaga kaa la moto, mguu huondoka kwanza, kichwa huarifiwa baadaye. Hilo la goti ni la ugwe. Kichwa chako hakikuulizwa."

"Yaani mguu wangu una mambo yake nisiyoyajua?" Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, Shaame alisahau kuogopa. "Hebu ligonge tena!"

Akaligonga, mguu ukaruka, Shaame akacheka peke yake kama mtoto.

"Usicheke bado." Bi Mwanakombo akamfunika uso kwa kanga, akachukua unyoya wa kuku, akaupitisha miguuni. "Wapi hapa?"

"Sijui."

"Na hapa?"

"Sijui, bibi."

Mkewe akajishika tumbo.

"Na hapa?"

"Kama... kama mdudu anatembea. Kidole gumba. Cha kushoto."

Bi Mwanakombo akaiondoa kanga. "Kuna habari iliyopanda. Ugwe umevilia damu, haukukatika wote. Ungekatika ningekwambia ukweli nikaenda zangu, maana ugwe uliokatika sijui wa kuuunga. Sasa alazwe sawa, ageuzwe mzima mzima asichubuke. Na miguu ichezeshwe kila siku, isije siku amri ikashuka ikavikuta viungo vimekauka."

Wa kuichezesha nani? Kila mtu alikuwa na karafuu zake za kuanika. Akabaki Hidaya, mdogo wake Shaame. Akawa anaikunja miguu na kuinyoosha, anaikunja na kuinyoosha.

"Amuru, kaka!"

"Nimeamuru."

"Amuru tena!"

Shaame alimtukana. Siku nyingine alimtupia kata ya maji, ikapasuka ukutani. Hidaya akafagia vipande, akarudi, akakunja mguu. Kisha akatafuta njuga moja ya ngomani, akaifunga kwenye kile kidole gumba. "Macho yangu yana hamu, yatanidanganya," akasema. "Njuga haina hamu."

Mvua zikaja, zikaondoka. Tumbo la mkewe likawa kubwa. Asubuhi moja Hidaya anamenya muhogo mlangoni, njuga ikalia.

Wakatazamana.

"Ni wewe au ni ugwe?" akauliza Hidaya.

"Wallahi sijui."

"Basi uambie mguu ucheze." Njuga ikalia. "Uache." Kimya. "Sasa!" Ikalia tena. Hidaya akatupa kisu, akalia kwa sauti. "Ugwe haunijui mimi wala maneno yangu. Ni wewe, kaka! Ni wewe!"

Mkewe alipojifungua mtoto wa kike, Shaame alikuwa anatembea kwa fimbo mbili. Siku ya kumpa mtoto jina, wanawake watatu wakaingia.

"Mimi nilikuwepo kabla ya nadhiri," akasema Mashavu. "Ningengoja uahidi, ungekuwa umeshasimamishwa, na ugwe umekwisha kazi. Mtu humlipa nani, aliyezima moto au aliyepaka chokaa?"

"Mashavu uling'ata kwa kumbukumbu ya msiba, na nakuheshimu kwa hilo," akasema Bi Mwanakombo. "Lakini baada ya meno yako wakandaji walikuwa wamejipanga mlangoni. Nani aliwarudisha? Na nani alijua kwamba pana kitu cha kungojewa?"

Hidaya alikuwa wa mwisho. "Kaka alisema atakayemsimamisha. Mmoja wenu alimlaza, mwingine akaagiza alazwe. Aliyemsimamisha ni nani?"

Faki, akiusugua mkono wake wenye alama, akasema yeye hayumo. Watu wakacheka. Shaame hakucheka. Kila alipomtazama mmoja, miguu yake ilimwambia ni huyu.

Akapitisha kidole kwenye wayo wa mtoto. Vidole vidogo vikatanuka vyenyewe. Ugwe huo, akawaza, na machozi yakamtoka.

"Mwite mwanao," akasema mkewe. "Anangoja."

Shaame akaziweka fimbo chini, akasimama kwa miguu yake, akainama kwenye sikio la mtoto, akafungua mdomo.

Nami hapo namwacha ameinama, mgongo wake usichoke. Nyinyi mlioketi mkanisikiliza, mtoto huyu jina ni moja na wanaolidai ni watatu. Je, ni somo wa nani?