Pembe Ipo, Futi Haina Alama Yake

Haya, sogeeni karibu. Wewe wa mlangoni, rudishia mlango. Kabla sijafungua mdomo, kila mmoja amshike mwenziwe mkono aseme: nikitoka hapa sikusikia kitu. Mmesema? Yule pale hajasema, namuona anacheka tu. Sema na wewe. Haya. Ustadhi kaniachia mimi shangazi yenu dakika zake niwape mfano, hakuniachia niwavunjie watu heshima. Kwa hiyo majina hamna. Mji wa kijana siutaji. Ni kule kwenye machungwa, na kama umeshapajua, meza mate unyamaze.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mwanamke, mjane, ana binti wake mmoja tu wa kumzaa. Fundi huyu ukimpa kitambaa anakipima, anakipima tena, anakigeuza anakipima upande wa pili, na mkasi ukishafunguka anaufunga apime tena. Kwa kitambaa hiyo ni sifa, ndiyo maana gauni zake zilikuwa zinakaa. Ila mambo hayo hayo alikuwa anayafanya kwa watu.

Msimcheke. Alikuwa na sababu yake. Mumewe alipofariki, watu wamekaa matangani, wamejiinamia, akaingia mama mmoja kajitanda kaniki, begi mkononi. Wakamuuliza, "Karibu, wewe nani?" Akasema, "Mimi mke mwenziwe. Nimekuja niambiwe eda naikalia wapi." Na ana watoto huyo, wakubwa. Tangu siku ile, fundi ukimwambia nje kuna jua anatoka kwenda kuangalia. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi ningezimia, nikizinduka nizimie tena.

Sasa binti kakua, ana adabu, anatarizi kofia mpaka watu wanazitoa sokoni kumletea azitie nakshi. Ikaja barua ya posa. Kijana mwalimu wa hesabu. Na binti anamtaka, tusifichane, jina la mwalimu likitajwa anajichoma sindano.

Desturi yetu mnaijua. Barua ya posa huijibu siku ile ile. Unasema tumepokea, tutarudisha jibu, halafu unamtuma mtu akaulizie. Ukoo gani. Anaswali? Anakunywa? Ana mke kafichwa mahali? Mkono wake mwepesi? Aliyetumwa anarudi, wazee wanakaa, jibu linatoka. Desturi nzuri hiyo, mimi mwenyewe nimeuliziwa, na walionipa sifa Mungu awazidishie, maana walisema uongo mtupu.

Fundi akamtuma shoga yake, mwanamke wa miguu miepesi, akibisha hodi kwako mara moja, mara ya pili anajua vikombe vinakaa wapi. Akaenda, akarudi.

"Shoga, kijana safi. Anaswali, hanywi, jirani yake anamsifu."

"Jirani wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kulia."

"Na wa kushoto?"

Akarudishwa. Wa kushoto naye akasema mwalimu mtu mwema. Fundi akauliza, "Ulimuuliza mume au mke?" Mume. Akarudishwa amuulize mke. Safari hii kajifanya muuza vitenge. Safari ile kajifanya mgonjwa anayetafuta mganga. Safari nyingine kaenda na kanga ya kilio, eti kafiwa na jamaa mitaa ile, kumbe hana hata marehemu. Kaulizia kwa mama mwenye nyumba, kwa muuza chai, kwa kinyozi. Majibu ni yale yale. Mtu mwema.

Na kila akirudi, shaka ya fundi inakatika nusu. Ilikuwa nzima, ikawa nusu. Ikawa robo. Ikawa nusu ya robo. Sasa niwaulize ninyi mliosoma, maana mimi hesabu zangu ziliishia kwenye vifungo vya shati: kitu ukikikata nusu, na nusu yake ukaikata nusu, kinakwisha lini?

Binti akamuuliza, "Mama, umebakiwa na nini?"

"Kidogo tu, mwanangu."

"Kidogo gani?"

"Ningekijua kisingenikosesha usingizi."

Miezi inakwenda, jibu la posa halitoki. Kijana akaona aje mwenyewe. Na kwa adabu hawezi kuja mikono mitupu kusema nijibuni, kwa hiyo kaja na suruali, ipunguzwe urefu. Suruali mpya, inamkaa kama kazaliwa nayo. Fundi akaishika, akaiangalia, akamwangalia.

"Hii haina cha kupunguzwa, baba."

"Najua, mama."

Binti yuko nyuma ya pazia, msiniulize nimejuaje. Fundi akaona bora lisemwe. Akasema, "Mwanangu, sikuchukii. Nimekuulizia, umesifiwa. Nakaribia. Nimebakiza kidogo kama uzi. Niambie, nikuulizie kwa nani tena nimalize?"

Kijana hakukasirika. Akaomba kipande cha kitambaa, na fundi akamkatia mraba mzuri, inchi kumi kila upande. Kijana akaukunja pembe kwa pembe, ukawa kama ushungi.

"Mama, nipimie hapa kwenye mkunjo. Kutoka pembe hii mpaka ile."

Fundi akavuta futi shingoni. "Kumi na nne na kitu."

"Kitu gani?"

"Kijisehemu."

"Tuigawe inchi vipande kumi. Pembe imepita kimoja, haijafika viwili. Sawa? Na kile kipande tukigawe kumi tena. Imepita vinne, haijafika vitano. Na kile nacho tukigawe."

"Futi yangu haina alama ndogo hivyo."

"Nitakutengenezea yenye nazo, mama. Gawa kumi, gawa saba, gawa milioni. Futi ijae alama mpaka sindano ikose pa kuchoma. Bado pembe hii haitakaa juu ya alama hata moja. Utakaribia, utakaribia, hutafika."

Fundi akacheka. "Basi kitambaa changu kibovu."

"Kitambaa kizima. Pembe si hii umeishika? Ipo. Futi ndiyo yenye matundu. Hata watu wa kale wenye hesabu zao walibabaika hapo. Waliona mstari umejaa, baina ya alama mbili wanaweza kutia ya tatu, wakadhani umetimia. Kumbe umetoboka kila mahali. Ukatimia pale waliokuja nyuma yao walipokubali kwamba ile sehemu unayoikaribia bila kufika, nayo ipo, ni mahali kama mahali pengine, na mtu anaruhusiwa kusimama hapo."

Halafu akasema taratibu, "Mama, watu wa mtaani kwangu ni alama. Watakuleta karibu. Lakini kuniamini hakupo kwa jirani wa kulia wala wa kushoto. Kupo baina yao. Usimame mwenyewe."

Maneno matamu, ee? Mimi ningempa binti hapo hapo na cherehani juu. Fundi akamsindikiza vizuri, akamrudishia suruali yake, akafunga mlango. Kisha akamgeukia binti.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, mama." Macho yamejaa.

"Mtu anayejua kueleza hivyo, huyo ana la kuficha. Baba yako naye alikuwa na maneno."

Akamwita shoga yake. "Nenda mara moja ya mwisho. Safari hii uliza kwa waliosoma naye."

Shoga akaenda. Alirudi jioni, hakuvua hata viatu. Akakaa kwenye kigoda, anajipepea kwa upindo wa kanga.

"Leo nimelipata," akasema.

Fundi akaacha pedeli, cherehani ikanyamaza. "Sema."

"Watu wanasema yule kijana ana jambo."

"Nilijua mimi. Nilijua. Jambo gani?"

"Hawalijui."

"Hawalijui vipi? Wamelisemaje basi?"

"Mama mwenye nyumba kaniambia hivi. Zamani walimwona mwema. Lakini mwaka huu katafutwa na muuza vitenge, mara na mwanamke mgonjwa, mara na mtu kafiwa, mara hili, mara lile. Anasema mtu asiye na jambo hatafutwi hivyo. Kamtoa kwenye chumba. Wazazi wamewaondoa watoto kwenye tuisheni yake. Kwa kinyozi akikaa kwenye benchi, wenziwe wanasogea."

Fundi akamsogelea. "Huyo muuza vitenge si ulikuwa wewe?"

"Mimi."

"Na mgonjwa?"

"Mimi."

"Na aliyefiwa?"

"Shoga, wote ni mimi."

Nyie mnacheka, na mimi nilicheka. Binti hakucheka. Aliweka kofia aliyokuwa anaitarizi, akaingia ndani.

Kesho kutwa yake akaja mshenga wa kijana, mzee wa watu, kavaa kanzu. Hakukaa. Akasema, "Kijana wangu anaomba radhi, anaondoa posa yake. Anasema hana mahali pengine pa kuuliziwa." Wakamhamishia mbali kwenda kufundisha, na mpaka leo hajarudi upande huu.

Mnadhani imekwisha? Kilichofuata ndicho kilichonileta hapa mbele.

Ikaja posa nyingine kwa binti yule yule. Watu wazuri, na wao wana desturi kama yetu. Wakamtuma mtu mtaani kwa fundi, akauliza jirani wa kulia. Jirani akasema, "Binti mzuri sana. Ila kuna mwalimu alikuwa amemposa, akaiondoa posa." Wakauliza wa kushoto. Wa kushoto akasema, "Hatujaona baya. Lakini mwalimu mtaratibu vile, akimbie bure?" Hawakurudi. Wakaja wengine, wakasikia hayo hayo, nao hawakurudi.

Ndipo fundi akatoka. Mlango kwa mlango, futi bado iko shingoni, kasahau kuivua. "Jirani, mwanangu hana jambo. Nimemlea mwenyewe. Nakuapia." Na kila nyumba wanamjibu kwa upole, wanamletea maji ya kunywa: "Tunakuamini, mama. Tunakuamini." Anawaangalia machoni, anakiona. Kidogo tu, kama uzi. Akaapa tena, kikapungua. Akaapa tena, kikapungua, hakikwisha. Akakitambua. Ndicho kile kile alichokuwa analala nacho yeye.

Sasa njooni kwetu sisi.

Sisemi msiulizie. Mtu akija kumtaka mwanao, ulizia, tena ulizia vizuri, msije mkampa mlevi mwana halafu mkasema shangazi alitwambia tusimame baina ya majirani. Ulizia. Pima kama fundi anavyopima. Lakini ujue futi inakupeleka mpaka wapi. Tunamuuliza mke wa mtu, tunamuuliza dereva wake, tunapekua simu, tunanusa shati, na kila tukikosa tunasema bado kidogo. Nani kawaambia hicho kidogo kinakwisha kwa kupekua? Umeshamuona mtu aliyemaliza? Nionyesheni mmoja hapa ndani, nimpe nafasi yangu hii ya kukaa.

Na tunajidanganya kwamba kuuliza hakudhuru, eti maneno tu. Nimeambiwa wenye sayansi yao wana vitu vidogo sana, ukivimulika taa uvione, taa yenyewe inavisukuma, hukuti tena kile ulichokuwa unakitafuta. Na binadamu je, si mwepesi kuliko hivyo? Ukimmulika jirani yako kila siku, hata angekuwa malaika, wapitao watauliza anamulikwa kwa nini.

Wangapi hapa tumemtia mtu jambo ambalo hakuwa nalo? Usiniangalie mimi. Jiangalie wewe. Ulisema nini wiki hii ukaanza na "sijui, lakini"? Kule kwa Mola wetu utaulizwa kuhusu hiyo "lakini". Na wewe siku hiyo utataka usiulizwe kwa kulia na kwa kushoto mpaka mwisho. Utataka rehema. Sasa rehema unayoitaka mwenyewe, mbona humpi mwenzio hata ya kumjibu posa?

Imani ni hivyo, wanangu. Hakuna shahidi wa mwisho atakayekuja kukukabidhi. Watu watakuleta mpaka ukingoni, kisha ni mguu wako.

Haya, mmeshikana mikono, msiniumbue. Najua mtaniuliza nimeyapata wapi. Aliyenihadithia ni binti mwenyewe, na jina lake moja tu nalitoa kusudi, Mwantumu Shekue, bado yuko kwa mama yake anatarizi kofia, na kama una kijana wa kuoa, nyumba nitakuonyesha. Alinisimulia mara moja, ananitazama usoni kuona kama nitakwenda kuulizia. Sikwenda kwa mtu wa pili.