Bi Pimbi na Majuzuu Arobaini ya Ukoo wa Ndovu

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama wakipika chai, wakilea watoto na kugombana na majirani kama sisi tu, palikuwa na maktaba ndani ya pango moja huko Majabalini. Msicheke. Ilikuwa maktaba kweli, yenye rafu za mianzi, meza moja ndefu na mabenchi mawili: moja la wanyama wazito, na jingine la sisi wengine.

Mkutubi wake alikuwa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Ni mnyama mdogo wa mawe, mnono kidogo, asiye na mkia wa kujivunia. Lakini Bi Pimbi alikijua kila kitabu kilipokaa, na alijua zaidi ya hapo. Alijua nani anahitaji nini. Nguruwe akiingia anakuna kichwa, yeye ameshamshushia kitabu cha magonjwa ya mihogo. Bundi akija na miwani iliyovunjika, anampa cha maandishi makubwa.

Juu ya Bi Pimbi kulikuwa na kamati. Mwenyekiti alikuwa Bwana Ndovu, na wajumbe walikuwa wawili, Mzee Kifaru na Bwana Kiboko. Hao ndio walioamua kitabu gani kiingie na kipi kitoke. Na katika miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kuwaona wakisoma.

Asubuhi moja kamati ikaingia maktabani. Gudu, gudu, gudu. Vumbi likadondoka kutoka kwenye dari la pango.

"Bi Pimbi," akasema Bwana Ndovu, "mgeni akija hapa ataona nini? Vitabu vyembamba vitupu. Aibu."

"Ataona wasomaji, mheshimiwa," akajibu Bi Pimbi.

"Nimeagiza Historia ya Ukoo wa Ndovu. Majuzuu arobaini, kila moja nene kama gogo. Mkokoteni wa kwanza unafika leo jioni."

"Arobaini? Yatakaa wapi?"

"Ndiyo sababu tumekuja. Vitabu vyembamba vyote vitoke. Tumbili muuza karanga atavichukua, karatasi zake zinafaa kufungia karanga."

"Naafiki," akasema Mzee Kifaru.

"Naafiki," akasema Bwana Kiboko, huku akipiga miayo.

Na kweli, Tumbili alikuwa ameshafika mlangoni na vikapu vyake viwili. Wajumbe wakaanza kupangua rafu. Wakabeba vitabu kwa makumi na kuvirundika nje: vitabu vya mapishi, vya kushona, vya dawa za minyoo, vya hadithi za watoto.

Katikati ya hekaheka hiyo akaingia Mama Kanga, mbio mbio, manyoya yamemsimama.

"Bi Pimbi, nisaidie. Nilikuwa na vifaranga kumi na wanne. Sasa nina tisa."

"Wamepatwa na nini?"

"Ndicho nisichokijua. Nikiwatoa kutembea alfajiri, mmoja anaanza kutetemeka, na jua likipanda ameshakufa. Jana mmoja, leo mmoja. Nimesikia kuna kitabu."

"Kipo. Mimi sijakisoma, maana wanangu si ndege kama wako, lakini kipo." Bi Pimbi akachumpa hadi kwenye rundo, akachomoa kitabu chembamba chenye jalada la kijani. Kiliitwa Malezi ya Vifaranga.

Kabla Mama Kanga hajakipokea, mkonga ukashuka, fyu, ukakinyakua.

"Kitabu hiki hakiazimwi tena," akasema Bwana Ndovu. "Kimo katika rundo la Tumbili."

"Nipe hata siku moja, baba," akasema Mama Kanga. "Hata nusu siku. Mimi nasoma polepole, lakini nitasoma."

"Tukikuachia wewe, kesho atakuja Sungura, keshokutwa Kobe. Rundo litaisha lini?"

Mama Kanga akakaa chini palepale mlangoni, akaficha kichwa chini ya bawa.

Bi Pimbi alimtazama. Moyo ukamchemka kama maji ya ugali, lakini usoni hakuonyesha kitu. Wanangu, mkimwona mdogo amenyamaza mbele ya mkubwa, msidhani siku zote ameshindwa.

"Sawa, mheshimiwa," akasema kwa upole. "Kamati imeamua. Lakini uamuzi mkubwa kama huu hauwezi kupita kimyakimya. Niuandike, muutie muhuri, halafu niwaite watu waushuhudie."

Bwana Ndovu alipenda sana mihuri, na watu alipenda zaidi. "Andika," akasema.

Bi Pimbi akaandika: Vitabu vyembamba vitolewe. Kisha chini kabisa akaongeza mstari mmoja kwa herufi ndogo kama siafu. Akawasogezea karatasi na wino.

"Hamsomi kwanza?" akauliza.

"Sisi ndio tulioamua. Tusome nini?" akasema Bwana Ndovu, akagonga mguu wake juu ya karatasi, puu. Kifaru naye puu. Kiboko naye puu.

Bi Pimbi akapanda juu ya jabali, akapiga ukelele ule wa pimbi unaosikika mabonde mawili. Haukupita muda, uwanja ukajaa. Wakaja Nguruwe na wanawe, Kobe, Bundi aliyeamshwa usingizini, swala, nyani, na mama wachache waliokuwa wanatoka kisimani na ndoo kichwani.

"Ndugu zangu," akasema Bi Pimbi, "kamati imeagiza vitabu hivi vitolewe. Na agizo lenyewe, lenye mihuri mitatu, linasema hivi mwishoni: Kabla kitabu hakijatolewa, litasomwa jina lake hadharani, pamoja na jina la msomaji aliyekiazima mara ya mwisho."

Bwana Ndovu akageuka. "Nani kaandika hivyo?"

"Mmelitia muhuri wenyewe, mheshimiwa. Au kishindo cha miguu ile mitatu nimekisikia vibaya?"

Watu wakatazama karatasi. Mihuri ilikuwa mikubwa kama sinia, haikuweza kukanwa.

Sasa niwaambie siri ndogo. Ile kamati isiyoonekana ikisoma, ilikuwa inasoma. Kila mjumbe alikuwa akija peke yake, kwa mlango wa nyuma, akinong'ona, na kuondoka na kitabu chembamba kwapani. Na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Bi Pimbi akafungua daftari lake kubwa, akakitwaa kitabu cha kwanza.

"Jifunze Kusoma, Kitabu cha Kwanza," akatangaza. "Msomaji wa mwisho kukiazima ni..." Akalamba kidole, akapekua ukurasa. Akapekua mwingine. Taratibu kabisa.

"Koh, koh!" Mzee Kifaru akakohoa hadi mama mmoja akaangusha ndoo. "Ngoja kwanza, binti. Kitabu hiki... nadhani kibaki."

"Kibaki, mzee? Nacho ni chembamba hivi?"

"Kibaki. Kwa ajili ya watoto."

Bi Pimbi akakiweka kando kwa heshima. Bwana Ndovu akamkemea mwenzake. "Kifaru, umelegea mapema hivi? Endelea, Bi Pimbi. Kijacho kisibaki."

"Kijacho," akasema Bi Pimbi, "kinaitwa Usiogope Nyuki: Mazoezi ya Siku Saba."

Uwanja mzima ukacheka. "Nani huyo anayeogopa nyuki?" akauliza Nguruwe. "Msome haraka tumjue."

"Msomaji wa mwisho ni..." Kidole kikaanza tena kupekua, shwa, shwa, shwa.

Masikio ya Bwana Ndovu yalianguka kama nguo mbichi kwenye kamba. Akamsogelea Bi Pimbi, akainamisha kichwa mpaka chini.

"Hicho nacho," akasema kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia mkutanoni, "kibaki."

"Sikusikia, mheshimiwa."

"Kibaki. Kwa ajili ya watoto."

Bi Pimbi akakiweka kando. Akanyoosha mkono kwenye rundo kuchukua cha tatu, na hapo hapo Bwana Kiboko akasimama, jasho linamtiririka. Juu kabisa ya rundo palikuwa na kijitabu chenye maua kwenye jalada, Namna ya Kuandika Barua ya Posa.

"Kwa nini tunapoteza muda?" akasema Kiboko. "Rundo zima lirudi ndani. Lote. Mimi mwenyewe nitabeba."

"Lote, bwana? Kwa ajili ya watoto?"

"Kwa ajili ya watoto," akasema Kiboko, na alikuwa amefiwa na mke, hana mtoto hata mmoja.

"Kamati imebadili uamuzi," akatangaza Bi Pimbi. Tumbili akabeba vikapu vyake vitupu, akaenda zake akinung'unika kwamba atarudi kwenye majani ya mgomba.

Kitabu cha kwanza kurudi ndani kilikuwa kile cha jalada la kijani. Mama Kanga akakaa kwenye benchi, akasoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Alipofika ukurasa wa sita akanyanyua kichwa.

"Umande," akasema. "Bi Pimbi, ni umande. Wakilowa wakiwa wachanga baridi inawaua. Wasitoke mpaka majani yakauke." Akaurudia mstari ule. "Na mimi ndiye niliyekuwa nawaamsha."

"Hukujua, mwenzangu."

"Sikujua. Sasa najua." Akafuta macho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini niambie ukweli. Wangekuachia uendelee, ungeyasoma majina yao mbele ya watu?"

Bi Pimbi akamfungulia daftari. Kurasa zote hazikuwa na jina la msomaji hata mmoja. Kulikuwa na majina ya vitabu, na mbele ya kila kitabu vijistari, kimoja kwa kila safari kilipoazimwa.

"Mtu akisoma, ni siri yake," akasema Bi Pimbi. "Mimi nahesabu njaa tu, sihesabu walaji."

Jioni mkokoteni ukafika, nao umeinama kwa uzito. Bwana Ndovu akasimama mlangoni, amepoa.

"Na majuzuu yangu?"

"Rafu zimejaa, mheshimiwa, kwa amri yenu wenyewe. Lakini tuanze na juzuu la kwanza. Likiazimwa mara kumi, tutaleta la pili. Mengine yatakaa kwako, maana ukoo ni wako."

Ndovu akayapeleka majuzuu mengine nyumbani kwake. Ule mkokoteni ukarudishwa ulikotoka, na Bi Pimbi akapita nyumba kwa nyumba akiuliza kila mtu anahitaji kusoma nini. Mkokoteni ukaja tena na vitabu vya visima, vya ukunga, vya mashairi, na viwili zaidi vya vifaranga. Vifaranga wa Mama Kanga, wote tisa, wakakua mpaka wakaanza kumjibu mama yao.

Juzuu la kwanza la Ukoo wa Ndovu nalo liliazimwa. Ndovu mwenyewe aliliazima ili apate zile mara kumi, akaenda nalo kivulini. Alipofika ukurasa wa tatu alikuwa anakoroma, na hakulirudia tena.

Basi wanangu, rafu ya maktaba hupangwa kwa haja ya wasomaji, haipangwi kwa ukubwa wa wakubwa.