Fungu la Nanga

Paukwa!
Pakawa.
Mmepanda nini?
Ngalawa.
Mnakwenda wapi?
Kuvua kolekole.
Kawatuma nani?
Njaa.

Haya, kaeni. Wewe huko nyuma maliza kwanza huo muwa, maana hadithi hii ina maji mengi yaliyotulia, na ukitafuna siyasikii.

Palikuwa na Komba, mdogo, macho kama visahani. Mama yake alishikwa na homa. Uji akaukataa, maziwa akayakataa, akabaki mifupa. Siku moja akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ningepata mchuzi wa kolekole, yule mwenye mkia wa manjano, labda ungenipita kooni." Komba hakungoja neno la pili. Akaenda kwa Ngiri.

Ngiri alikuwa na nguvu, alikuwa na meno yaliyopinda, na alikuwa na ngalawa yake mwenyewe. Siku hizo alikuwa akijiandaa kwenda dago, yaani kupiga kambi kisiwani na kuvua huko siku nyingi, samaki wakikaushwa juani mpaka watoshe.

"Nahodha, nichukue," akasema Komba.

"Panda. Utapata fungu lako kama ilivyo desturi."

Wakatweka tanga. Wakaenda, wakaenda, mpaka kisiwa cha Shungi.

Jamani, bahari ya Shungi! Ilitulia hata mbingu ikashuka kujilaza juu yake. Mawingu yalipita chini ya ngalawa, taratibu, moja baada ya jingine. Komba alipoteremsha mshipi aliona kama anaushusha mawinguni. Akakaa, uzi kidoleni, akimuwaza mama yake, akasinzia huku macho yamemtoka. Mara uzi ukamvuta: tu, tu, tu. Naye akavuta. Chubwi! Akatoka kolekole, mkia umekolea manjano kama umechovywa kwenye bizari.

Wakakizunguka kisiwa, leo upande huu, kesho upande ule. Komba akivua, Ngiri akilala. Tu, tu, tu, huyu anavuta. Koroo, koroo, yule anakoroma. Wakati mwingine Komba hakujua kama anavua au anaota, ila vidole vilimuuma, akajua anavua.

Kila jioni Ngiri aliamka, akamwaga samaki mchangani, akagawa.

"Fungu la ngalawa. Fungu la tanga. Fungu la nanga. Fungu la nahodha. Na wewe Komba, lako hili."

Lake lilikuwa mikia mitupu.

Sasa, desturi ya dago ni kwamba chombo kina fungu lake. Hilo Komba alilijua. Lakini tanga? Nanga?

"Nahodha," akauliza kwa adabu, "kwani nanga inakula samaki?"

"Inafanya kazi, haifanyi?"

"Inafanya."

"Basi ina haki yake. Mimi naishikia tu."

Kesho yake tena. Fungu la ngalawa, fungu la tanga, fungu la nanga, fungu la nahodha. Komba akafunga mikia yake kwenye uzi, akaitundika. Mikia haitoi mchuzi wa mgonjwa.

Jioni ya mwisho Ngiri akatazama marundo ya samaki wakavu, akakuna tumbo. "Kesho ngalawa itakuwa nzito. Wewe baki hapa, nitakufuata mwezi ukiandama."

Komba akahesabu siku. Mpaka mwezi uandame, mama atakuwa hai? Akasema tu, "Ndiyo, nahodha." Kisha akaenda nyuma ya jiwe akalia, maana inauma, msiseme haiumi.

Asubuhi, kabla Ngiri hajaamka, Komba akaenda kuoga. Akaogea pale pale penye nanga, akapiga mbizi, akakaa chini ya maji kitambo. Alikuwa anaoga nini muda wote huo? Nanga mnaijua, kazi yake kukwama. Mtu akiisaidia kidogo, hukwama zaidi.

Wakapakia. Ngiri akapanda mbele, akamwambia Komba, "Nishikie usukani ning'oe nanga, halafu ushuke."

Akavuta kamba. Haitoki. Akavuta tena, mishipa ya shingo imemtoka. Haitoki.

"Imenuna," akasema Komba. "Kila siku inasikia fungu lake linatajwa, na haijaonja hata pezi. Itupie kolekole mmoja tu, nahodha."

"Nitupe kolekole mzima? Bora nikaing'oe kwa pua yangu."

Maji yalikuwa ya kifuani. Chubwi! Ngiri akazama, akachimba, furu furu furu. Huku juu Komba akafungua kamba ya nanga, akatweka tanga. Upepo ukaja mwepesi, na ngalawa ikateleza juu ya mawingu.

Ngiri akaibuka na nanga kifuani. "We Komba! Mafungu yangu!"

"Kila mtu anapata haki yake," akasema Komba. "Fungu la ngalawa limo ngalawani. Fungu la tanga lipo chini ya tanga. Fungu la nahodha ninalo, maana usukani ninao mimi. Na nanga unayo wewe. Shika fungu lake."

Akamrushia ule uzi wa mikia.

Wavuvi wengine walimrudisha Ngiri baadaye, kakaa juu ya nanga yake, hasemi na mtu. Ngalawa aliikuta ufukweni, imeoshwa. Na mama yake Komba, siku ile ile mwanawe alipofika, alikunywa mchuzi, akatoka jasho, akanyoosha bakuli akasema, "Ongeza."

Na funzo ni hili, wanangu: watiini wakubwa wenu, msiwajibu kamwe, nanyi mtapata fungu lenu bila taabu. Na mkienda dago, ilisheni nanga.

Hadithi nimeifikisha pwani. Mimi naishikia tu. Fungu langu nipeni huo muwa.