Beberu Aliyeuzwa Kila Siku Bila Kutoka Zizini

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, alitawala Sultani mcha Mungu kupita kiasi, aliyeichukia riba hata hakutaka isikike ikitajwa mbele ya wadeni wake. Basi akafungua Nyumba ya Fedha Halali, akaiundia na Baraza la Ukaguzi la masheikh watatu, waliokula kwake, wakavaa kwake, na kwa hiyo wakamkagua bila upendeleo wowote.

Utaratibu wa Nyumba ulikuwa safi. Sultani alikuwa na beberu mweupe jina lake Johari, aliyempenda kuliko mawaziri wake. Mwenye shida ya riali mia aliuziwa Johari kwa mia na thelathini, alipe mwakani. Papo hapo akamuuza tena kwa Nyumba kwa mia taslimu, akaenda zake. Beberu hakuinua hata kwato. Masheikh wakapiga muhuri kwamba hii ni biashara, si riba. Ikawa Johari anauzwa na kununuliwa tangu asubuhi hadi adhuhuri, wala hapana aliyewahi kumshika hata pembe.

Miongoni mwa wadeni alikuwamo Bi Mwanapatwa, mjane, ambaye nyumba yake ilikuwa rehani na muda umekwisha. Mwanawe Mwinyikondo, fukara ambaye mji mzima ulimhesabu punguani, akaenda kumwombea, akasema kwa unyenyekevu kwamba mama yake hakumbuki kununua mbuzi. Sultani akakasirika.

"Siku Baraza langu litakapokiri kwa kinywa chake kwamba mauzo yale si mauzo," akasema, "nitafuta deni la mama yako na la kila mtu. Lisipokiri hadi Ijumaa, nyumba naitwaa."

Masheikh wakacheka kwa adabu, kwa kuwa hawakupata kutofautiana na Sultani hata juu ya mvua.

Kesho yake Mwinyikondo akaja kuomba riali mia, akaweka rehani kibanda chake. Karani akamuuzia Johari. Sheikh Burhani, mkuu wa Baraza, akamuuliza kama ameridhika kwamba beberu sasa ni mali yake. Mwinyikondo akajibu ameridhika kabisa, na muhuri ukapigwa. Karani akanyoosha mkono na hati ya kumuuza tena, lakini Mwinyikondo akasema hauzi. Akaenda zizini, akafungua kamba, akampitisha Johari katikati ya soko mpaka nyumbani kwa mama yake. Askari walipomzuia akawaonyesha muhuri, nao wakaubusu wakampisha.

Sultani alipopata habari chakula kilimshinda. Akaenda kwa miguu hadi kwa Bi Mwanapatwa, masheikh nyuma yake. Akamkuta mama anatwanga bizari, Johari kafungwa mlangoni, na Mwinyikondo ananoa kisu.

"Mwinyikondo, huyo ni mbuzi wangu."

"Seyyid yangu, ni wangu. Nimemnunua, na Baraza limekagua. Au sivyo, masheikh?"

Sultani akawageukia kwa macho mekundu. Sheikh Burhani akapima haraka mshahara wake uko upande gani. "Bwana wetu," akasema, "yale hayakuwa mauzo. Yalikuwa maneno tu, na kila mtu anajua." Wenzake wakaafiki, kama ilivyokuwa desturi yao.

Bi Mwanapatwa akauweka mchi chini. Sultani akawatazama masheikh, akamtazama beberu, ndipo akaelewa. Aibu ikampanda mpaka masikioni, kisha kicheko kikamzidi nguvu. Akafuta madeni yote pale pale, akampa Mwinyikondo kiti katika Baraza.

Mwinyikondo akauliza wajumbe hulipwa na nani.

"Na mimi," akasema Sultani.

"Basi, Seyyid, niache na njaa yangu. Nikishiba wali wako nitaanza kukuona huna kosa."

Sultani akawaamuru masheikh wamrudishe Johari zizini. Wakamzunguka wote watatu, wakatazamana. Walikuwa wamemuuza miaka na miaka, na hakuna hata mmoja aliyejua mbuzi hushikwa wapi.