Mama Rajabu wa Ukutani

Wewe unayependa kusema "watu wanataka hivi," umemuuliza nani? Usinitajie wingi wao. Nitajie mmoja tu, uniambie ulikaa naye wapi na alikupa nini cha kukalia.

Mwanamke mmoja, Tumsifu, alikuwa na kazi ya kutamka mahitaji ya watu wengine. Kampuni iliyomwajiri ilitengeneza programu za simu, na cheo chake kiliitwa mwenye bidhaa. Msibabaishwe na ukubwa wa jina. Bidhaa hakuiandika yeye, hakuinunua, wala hangeitumia. Alichomiliki ni neno. Kila asubuhi wajenzi wa programu walisimama mbele yake kwa duara, vikombe mkononi, naye akasema, "Watumiaji wanataka hiki kwanza, kile kisubiri." Basi watu wazima wenye shahada zao wakaenda kukijenga, na kabla ya magharibi kitu ambacho hakikuwapo kikawapo. Mimi jambo hili hunitisha. Wapo wahubiri wanaofunga na kukesha wakiomba mamlaka kama hayo, na hawayapati.

Ikawa kampuni imepewa kazi ya kutengeneza programu ambayo wajawazito wa kijiji fulani, ng'ambo ya mto, wangeitumia kuita gari la kituo cha afya uchungu ukiwaanza. Wajenzi hawakukijua kijiji hicho. Tumsifu akatumwa avuke, akae na wanawake, asikilize, arudi na maneno yao.

Akafika mtoni. Maji yalikuwa yamejaa na kivuko kimefungwa. Akalala nyumba ya wageni, akala chipsi mayai, akayatazama maji yale ya rangi ya chai ya maziwa. Hayakupungua upesi kama alivyotaka. Akageuza, akarudi mjini. Hilo silo kosa. Mto ni mto. Kosa lilikuja kesho yake, kwenye duara, Mwombeki, kiongozi wa wajenzi, alipomuuliza, "Umewaona?" Ilikuwa rahisi kusema hapana.

"Nimemwona mmoja," akasema. "Anaitwa Mama Rajabu."

Neno likawa mtu. Akampa mimba ya karibu kujifungua, goti bovu, mume aliyekwenda machimboni, na nyumba ya peke yake kando ya mto. Wajenzi wakamchora, wakambandika ukutani. Tangu siku hiyo kila ubishi uliishia kwake. Mmoja akitaka rangi ya kijani, Mama Rajabu hapendi kijani. Mwingine akitaka simu ya jirani nayo itumike, Mama Rajabu hataki mtu aguse simu yake. Programu ifunguke kwa kidole chake mwenyewe.

"Dada Tumsifu," alitania Kulwa, mjenzi ambaye ulimi wake haukuwa na breki, "huyu mama mbona kila siku anataka unachotaka wewe? Au mlichanjiana damu huko?"

Wakacheka wote. Tumsifu alicheka kuliko wote.

Lakini sikilizeni ajabu. Walimpenda. Mwombeki, ambaye hakujua hata jina la anayemuuzia chapati mlangoni, alizikuza herufi, akazikuza tena, kwa ajili ya macho ya Mama Rajabu. Kulwa alifuta kazi yake ya wiki nzima kwa sababu ingemfanya Mama Rajabu asubiri. Miezi ikapita, mimba ya ukutani haikukua wala mtoto hakuzaliwa, na hakuna aliyelishangaa hilo. Waliharakisha kana kwamba uchungu ungemshika kesho. Kila Tumsifu alipotaka kusema kweli, aliwatazama walivyoinama kazini, akaogopa. Angewanyang'anya mtu waliyempenda. Na baada ya hapo wangemwamini kwa lipi? Neno ndilo mali pekee aliyokuwa nayo.

Siku ya kukabidhi ikafika, wakavuka mto wote pamoja. Mvua zilikuwa zimeanza upya. Wanawake walikuwa wamekusanyika zahanati, wengi wao wajawazito, pamoja na mkunga wao, Bi Nambua, aliyekuwa amewapokea duniani baadhi ya hao waliokaa sasa mbele yake na matumbo yao. Mwombeki akaonyesha programu. Akaeleza habari ya kidole. Bi Nambua akaitazama simu, akamtazama yeye.

"Mwenye uchungu ndiye aite gari, kwa kidole chake? Kwenu mjini huwa mnazaa peke yenu, mwanangu?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akaeleza kwamba huku simu ni moja kwa nyumba tatu nne, na anayekimbia kuita msaada ni jirani. Mwombeki akaona aibu, akajitetea kwa alichokuwa nacho.

"Lakini Mama Rajabu ndiye aliyetaka hivyo."

"Mama Rajabu yupi?"

Akamweleza. Goti, mume wa machimboni, nyumba ya peke yake kando ya mto. "Ni mjamzito," akasema, kama alivyozoea kusema kila asubuhi kwenye duara. "Karibu atajifungua."

Kicheko kikakatika.

"Karibu kujifungua, yuko peke yake, na mimi simjui," alisema Bi Nambua taratibu, akakaa chini kama aliyepigwa. "Nimempitaje?" Hakumshuku mgeni. Alijishuku mwenyewe.

Kisha akasimama, akajifunga kanga kiunoni, na wanawake wote wakasimama. Hakuna aliyeamriwa. Kijiji kile kilikuwa na desturi moja: ikisemwa kuwa mjamzito hajulikani alipo, habaki mtu amekaa mpaka apatikane. Wakagawana njia bila kubishana, hawa mashamba ya mpunga, hawa njia ya mashineni, hawa mtoni. Na wajawazito wakaenda kama wengine, mkono mmoja umeshika mgongo. Wajenzi wa programu nao wakavua viatu, wakawafuata. Mmoja wa wale wanawake, ambaye tumbo lake lilikuwa limekwisha kushuka, akateremka kwenye ukingo wenye utelezi, akipekua matete, akiita kwa sauti ya kubembeleza:

"Mama Rajabu! Mama Rajabu ee! Usiogope, tunakuja!"

Tumsifu alibaki mlangoni mwa zahanati. Kijiji kizima kilikuwa mvuani kikimtafuta mtu ambaye yeye alimpa goti na mume kwa asubuhi moja. Wale ambao hakwenda kuwauliza kitu walikuwa wanahatarisha mimba zao kwa ajili ya ile isiyokuwapo. Na bado angeweza kunyamaza. Mtu asipoonekana husemwa amehama, au mto umemchukua, na mto haujibu.

Yule mwanamke akateleza, akashika matete, akainuka na tope magotini. Akaita tena.

Tumsifu akakimbia mpaka ukingoni, akamshika mkono, akapaza sauti hata walio mashambani wakageuka.

"Rudini! Hayupo! Mimi sikuvuka mto, sikumuuliza mtu yeyote. Mama Rajabu nilimtunga mimi."