Jibu Alilolificha Sheikh Nufail

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa pwani ya Yemen aliishi mwanachuoni aitwaye Sheikh Nufail bin Harith. Alisomesha msikitini tangu ujana wake hadi ndevu zikaingia mvi, na watu waliamini kuwa kadhi akifariki, kiti ni chake. Naye aliamini hivyo, ingawa hakuwahi kulitamka.

Kadhi alipofariki, liwali alimteua Uthal bin Waki, mtu wa kabila la mlimani lililoteremka mjini kwa sababu ya ukame. Sheikh Nufail alimpa mkono wa pongezi mbele za watu, kisha akarudi nyumbani akashindwa hata kumeza chakula. Kila aliposikia Uthal akisifiwa kwa elimu yake, moyo ulimchoma kama mtu aliyeibiwa.

Watu wa mlimani, kwa mila zao, hawakula samaki; waliwaona kama nyoka. Katika karamu ya liwali, Uthal aliisogeza pembeni sahani ya samaki kwa adabu, bila neno. Lakini ule ulikuwa mji wa wavuvi, na maneno yakaenea upesi: "Anayeionea kinyaa riziki yetu atatuhukumu vipi kwa haki?"

Ijumaa, baada ya swala, wavuvi wakamjia Sheikh Nufail. "Sheikh wetu, anayekikataa alichohalalisha Mwenyezi Mungu anafaa kuwa kadhi?"

Jibu alikuwa nalo. Alijua kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahi kuandaliwa nyama isiyozoeleka kwao, akaiacha bila kuwaharamishia walioila. Lakini hasadi ikamzuia kulitoa. Akasema, "Jipimieni wenyewe."

Hilo likawatosha. Waliwazuia watu wa mlimani kuteka maji kisimani, nao wale wakawaita wavuvi najisi, wakaacha kuleta samli na maziwa. Sokoni, mama mmoja wa mlimani akapigwa jiwe la kichwa. Wazee wa wavuvi wakamtaka liwali amuuzulu kadhi.

Bi Rumaisa, mkewe Sheikh, ndiye aliyemfunga kitambaa yule mama. Aliporudi nyumbani akasema, "Mume wangu, hadithi ya ile nyama ulinisomesha wewe. Umeisahau?"

"Sikusema uongo, Bi Rumaisa."

"Wala hukusema kweli. Damu niliyoifuta leo, nani ataijibia mbele ya Mola?"

Kesho yake liwali alimwita Sheikh barazani mbele ya umati. "Watu wanakutaka wewe. Toa fatwa yako, nimuondoe huyu, ukae."

Uthal alisimama kando, hakujitetea. Kiti kilikuwa kitupu, na wivu ulimnong'oneza Sheikh Nufail kwamba neno moja tu latosha.

"Ewe Liwali," akasema, "kuacha chakula kwa mazoea si kukiharamisha." Akawasimulia ile hadithi. Kisha akasema, "Nililijua hili tangu Ijumaa. Nililificha kwa kuwa nilimwonea kijicho ndugu yangu."

"Umetuuza!" mvuvi mmoja akafoka.

Ndipo Uthal akawageukia watu wake. "Nanyi, atakayemwita mla samaki najisi, amemsingizia Mola wake. Nami nitamhukumu."

Kisima kikafunguliwa, na soko likarudia hali yake pole pole. Wanafunzi wengi walimhama Sheikh Nufail. Wala wivu haukumtoka siku ile. Kila alipopita penye baraza la kadhi aliusikia ukifurukuta, akawa anasimama na kumwombea Uthal kwa jina lake. Miaka ikapita. Uthal akaugua sana, na Sheikh Nufail akajikuta kando ya kitanda chake akilia kwa dhati. Hapo akajua kwamba aliyeponywa ni yeye.

Enyi ndugu, watu wa mila mbili waweza kunywa maji ya kisima kimoja umri mzima. Tuiogope hasadi inapovaa joho la dini, na tumwombe Mola atutakase nyoyo kabla hajatuuliza juu ya ndimi zetu.