Ganda la Ukuta

Gogo halina haraka na mtu. Ukilitazama na kulitamani liishe, litakutazama vilevile. Ukibandua kibanzi leo na kingine kesho, siku moja utatafuta pa kutia shoka usipaone. Hiyo ndiyo maana ya bandu bandu huisha gogo, na asiyeamini na amuulize Nahida.

Nahida alikuwa mhandisi katika kituo cha zamani cha nyuklia, kusini mwa Baghdad, kilichokuwa kikibomolewa. Alikabidhiwa ukumbi mmoja mkubwa. Sumu ya mionzi ilikuwa imezama katika kuta na sakafu yake kina cha kidole tu. Ndani zaidi, zege lilikuwa safi. Nahida alitaka ganda hilo likwanguliwe, vumbi lake litiwe mapipani na mapipa yafungiwe ghalani. Mkurugenzi, Dakta Muwaffaq, alitaka tingatinga livunje kila kitu. Lakini kifusi chenye sumu kikichanganyika na kilicho safi, chote huwa sumu, na ghala lisingekitosha. Kingezikwa katika shimo lililokwisha kuchimbwa kando ya mfereji. Mfereji huo ndio ulionywesha mitende ya kijiji alichozaliwa Nahida, na baba yake alikuwa bado akilima huko.

"Bi Nahida, jengo zima unalimenya kama tango!" alisema mkurugenzi.

"Tango likiwa chungu nchani hukatwa ncha, Dakta. Halitupwi pamoja na kikapu. Nipe muda mpaka wakaguzi wa mionzi waje."

"Haya. Wakija, kipimo chao cha mionzi kikalia popote, tingatinga linaingia siku hiyohiyo."

Nahida akajifunga kibwebwe. Yeye na vibarua wake, wamevaa barakoa na mavazi meupe yaliyowachemsha kama viazi, walikwangua kiganja baada ya kiganja. Kila walipomaliza mahali walipitisha kipimo, na kikinyamaza walisogea. Mnyapara Abu Sarmad, mtu wa maneno mengi, hakuacha kunung'unika.

"Mke wangu asijue kwamba naweza kukwangua sakafu," alisema. "Akijua tu, nimekwisha!"

Sakafu ilipokuwa imekwisha na kuta zimebaki nusu, Khudhair, kibarua mpole kuliko wote, aliwaonea wenzake huruma kwa joto na vumbi. Kwao, alasiri ya kiangazi, ua hunyunyiziwa maji kabla ya chai. Basi akavuta mpira wa maji, akanyunyizia ukumbi kama ua wa mama yake. Maji yakaosha kuta chafu, yakatiririka juu ya sakafu safi, yakanywewa humo. Nahida alipopitisha kipimo, kililia pale kilipokuwa kimenyamaza.

"Khudhair! Umefanya nini?"

"Wallahi, Bi Mhandisi, nilitaka kuwapoza tu..."

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema Abu Sarmad, akaketi chini. "Mwite Dakta, tukubali yaishe."

Nahida aligeukia ukuta akalia, kwa hasira na kwa hofu, maana mbele ya macho yake aliliona lile shimo na mitende ya baba yake. Kisha akajikaza.

"Haya yatazoleka," alisema. "Yamenywewa na zege, nasi tutalikwangua zege hilo. Khudhair, funga bomba uje. Sikufukuzi. Nakuhitaji."

Alipiga magoti, akawasha mashine ya kukwangua iliyonyonya vumbi lake yenyewe, akaanza upya mlangoni. Khudhair alipiga magoti kando yake. Abu Sarmad aliwatazama, akamlaani shetani, kisha naye akapiga magoti. Sakafu ilikwanguliwa mara ya pili, kisha kuta zikamaliziwa. Wengine mikono ilivimba, na Nahida alifika nyumbani hawezi kushika kijiko, lakini asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni.

Wakaguzi walikuja. Walipitisha kipimo kutani, wakainama pembeni, wakarudi sakafuni pale maji yalipokuwa yametuama. Kipimo hakikulia popote.

Mkurugenzi alikwenda ghalani mwenyewe. Mapipa yote yalikuwa yameingia, na nafasi ilibaki. Alirudi akamwita mnyapara.

"Abu Sarmad, kalifukie lile shimo la mfereji."

"Nilifukie na nini, Dakta?"

"Na udongo wake."

Ukumbi uliomshinda mkurugenzi hata kuufikiria uliisha kiganja baada ya kiganja, tena sakafu yake mara mbili. Kweli, bandu bandu huisha gogo.